Kutoka Siku ya Posho hadi Jedwali la Kroni: Juu ya Historia ya Zamu za Kazi katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Makala haya yanachunguza namna mbili za kupanga kazi inayorudiwa. Ya kwanza ni ile ya kambi za madini za Katanga, ambayo sehemu yake ya magharibi, yaani Kolwezi na viunga vyake, imekuwa mkoa wa Lualaba tangu mwaka 2015. Ya pili ni ile ya programu ndogo ya kompyuta iitwayo kroni, ambayo kazi yake ni kuamsha programu nyingine kwa dakika, saa na siku zilizoandikwa katika jedwali. Huenda msomaji akauliza jambo hilo la pili linahusu nini taarifa ya taaluma za Kiswahili. Jibu letu ni kwamba mambo haya mawili yalitufikia kwa mlango mmoja, nao ni mlango wa lugha. Tunadai kwamba majina ya siku katika Kiswahili cha Katanga ni jedwali la zamu lililotungwa na kazi yenyewe, na kwamba hesabu yake ni ile ile inayotumiwa na kroni, ilhali hesabu iliyomo katika majina ya Kiswahili sanifu ni nyingine kabisa. Kutozingatia tofauti hiyo kulitugharimu, na jinsi kulivyotugharimu tutaeleza mahali pake.

Siku zinazohesabiwa kwa kazi

Mwanafunzi aliyefundishwa Kiswahili sanifu huanza kuhesabu juma baada ya Ijumaa. Siku ya mkusanyiko wa sala ikishapita, inayofuata ni ya kwanza, yaani Jumamosi, kisha ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Baada ya Jumatano hesabu ya Kibantu inakoma na lugha inakopa kwa Waarabu: Alhamisi, siku ya tano, kwani Waarabu huanza kuhesabu siku ya Jumapili. Hivyo katika juma moja la Kiswahili sanifu mna siku mbili za tano zinazofuatana, na hakuna anayesumbuka. Majina hayo ni ya watu wa pwani, nayo yanashuhudia dini na biashara yao.

Kiswahili kilichofika Katanga kilipita njia ndefu. Kililetwa kwanza na misafara, na kilisikika Bunkeya wakati wa Msiri, aliyeuawa mwezi Desemba 1891. Lakini kilikua na kuenea baadaye, katika kambi za wafanyakazi. Huko juma la msikiti lilibadilishwa. Wazee wa Kolwezi na Lubumbashi waliokulia kambini wanalihesabu hivi: kazi moja, kazi mbili, kazi tatu, kazi nne (nao hutamka ine), kazi tano, kisha siku ya posho, kisha siku ya Mungu. Vijana wa mjini siku hizi hutumia zaidi majina ya Kifaransa, na walimu hufundisha majina sanifu, lakini hesabu hii ya zamani haijafa. Mfumo wa namna hii unajulikana pia katika Kingwana cha sehemu nyingine za mashariki ya Kongo, kwa hiyo hatudai kwamba ulizaliwa kambini. Tunachodai ni kwamba hakuna mahali ulipolingana na maisha kama kambini.

Neno posho linastahili kutazamwa kwa makini. Katika misafara ya karne ya 19 posho ilikuwa chakula, au kitambaa na shanga za kununulia chakula, alichogawiwa mpagazi kwa siku kadhaa za safari. Kambini likawa fungu la unga, samaki, chumvi na mafuta alilogawiwa mfanyakazi kila juma. Kwa kuwa fungu lilirudi kila baada ya siku saba, neno likahama kutoka kitu hadi siku yake. Kilingala, lugha ya upande wa pili wa nchi, kina neno mposo, lenye maana ya Jumamosi na pia ya wiki nzima. Tunaona ni vigumu kulitenga na posho yetu. Katika Kenya na Uganda neno limebaki kuwa unga, au ugali wenyewe. Katanga tu, na nchi zinazopakana nayo kwa lugha, ndiko ambako mtu anaweza kusema kwamba atakuja posho, akimaanisha siku, hata kama hana matumaini ya kupewa chochote siku hiyo.

Kwa hiyo juma la kambini lina vitu vitatu: siku tano zinazotambulishwa kwa kazi tu, siku moja inayotambulishwa kwa malipo ya chakula, na siku moja ya mapumziko iliyokabidhiwa Mungu. Hakuna siku yenye jina lake mwenyewe. Kila siku ni nambari ya mstari katika orodha ya msimamizi.

Kambi na saa yake

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikamiminwa huko mwaka 1911. Miaka ya mwanzo watu waliajiriwa kwa mikataba mifupi ya miezi, wakakusanywa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na pande nyingi za Kongo, na baadaye kutoka Ruanda na Urundi. Wakafa kwa wingi, wakakimbia kwa wingi, na wengine wakaletwa. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni ilibadilisha njia. Mikataba ikawa ya miaka mitatu, wake wakaruhusiwa na hata kuhimizwa kuja, shule na zahanati zikajengwa. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa siasa hiyo, aliieleza na kuisifu katika maandishi yake ya miaka ya 1940. Kolwezi yenyewe ni zao la kipindi hicho. Reli ya Benguela ilikuwa imekwisha kupita katika eneo hilo mwaka 1931, na mji ukaanzishwa mwaka 1937.

Siasa ya kumtuliza mfanyakazi pamoja na familia yake ilihitaji kitu kimoja kuliko vyote: kwamba kila jambo lirudi kwa wakati wake. King'ora cha alfajiri, kuitwa majina, kushuka kazini, kupima watoto, kugawa posho, kulipa mshahara mwisho wa mwezi. Mitambo ya kusafisha madini haizimwi jioni. Kwa hiyo saa 24 ziligawanywa katika zamu tatu za saa nane, ambazo watu wa Kolwezi wanaziita kwa neno la Kifaransa poste. Mtoto wa kambi ya Musonoi au ya Kapata alijua baba yuko zamu gani kwa kutazama tu saa anayolala.

Tukumbuke kwamba jedwali hilo halikujiendesha. Mwezi Desemba 1941, wakati vita vya dunia vilipoongeza mahitaji ya shaba na bei za vitu sokoni, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa michezo wa Élisabethville. King'ora kililia asubuhi zile kama kawaida. Watu hawakuja. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wanaoandika juu ya nidhamu ya saa huelekea kusahau kwamba anayeitwa na saa ana hiari ya kutoitika, na kwamba hapo ndipo tofauti kubwa kati ya zamu ya mtu na zamu ya mashine ilipo.

Mtafiti Johannes Fabian, aliyefanya kazi Kolwezi katika miaka ya 1966 na 1967 miongoni mwa wafuasi wa Jamaa, ile harakati iliyotokana na mafundisho ya Padre Placide Tempels, alichapisha mwaka 1973 uchunguzi wake juu ya neno kazi katika usemi wa wafanyakazi hao. Alionyesha kwamba neno hilo lilibeba zaidi ya ajira: lilitaja pia utendaji, wajibu, hata uwezo wa kitu kufanya athari. Kwetu inatosha kuongeza kwamba lilikuwa pia kipimo cha kalenda.

Jedwali la kroni

Tuhame sasa kutoka kambini hadi katika maabara ya Bell nchini Marekani, ambako mfumo wa kompyuta uitwao Unix ulitungwa. Toleo lake la saba, lililotolewa mwaka 1979, lilikuwa na programu ya kroni, ambayo jina lake linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wakati. Utaratibu wake ni rahisi hata kustaajabisha. Kompyuta inapowashwa, kroni inaanza nayo na haiondoki. Kila dakika inaamka, inatazama saa, inasoma jedwali, inaanzisha kila kazi ambayo wakati wake umefika, kisha inalala hadi dakika ifuatayo.

Kila mstari wa jedwali una nafasi tano za wakati, na baada yake amri ya kutekelezwa. Nafasi ya kwanza ni ya dakika, kutoka 0 hadi 59. Ya pili ni ya saa, kutoka 0 hadi 23. Ya tatu ni tarehe ya mwezi. Ya nne ni mwezi wa mwaka. Ya tano ni siku ya juma. Kinyota katika nafasi yoyote kina maana ya "kila". Hivyo mstari unaoanza kwa

0 6 * * 1-5

unaamuru kazi ifanyike saa kumi na mbili kamili asubuhi, kila tarehe, kila mwezi, kuanzia siku ya kwanza hadi ya tano ya juma. Mkubwa yeyote wa kambi angeusoma bila mwalimu.

Tutazame nafasi ya tano. Katika mwongozo wa mwaka 1979 siku za juma zilipewa nambari kutoka 1 hadi 7, na ilielezwa wazi kwamba 1 ni Jumatatu. Baadaye ikawa desturi kuhesabu kutoka 0 hadi 6, sifuri ikiwa Jumapili. Na kroni iliyoandikwa na Paul Vixie mwaka 1987, ambayo ndiyo mzazi wa nyingi zinazotumika leo katika Linux, inakubali Jumapili iitwe 0 au 7. Mabadiliko hayo yaligusa Jumapili peke yake. Siku nyingine zote zilibaki mahali pake. Jumatatu ni 1, Jumanne 2, Jumatano 3, Alhamisi 4, Ijumaa 5, Jumamosi 6. Msomaji wa Katanga ameshaona: kazi moja ni 1, kazi mbili ni 2, kazi tano ni 5, posho ni 6, na siku ya Mungu ni sifuri, siku isiyohesabiwa kuwa kazi. Msomaji wa Unguja au wa Dar es Salaam yuko katika hali ngumu zaidi, kwa sababu masikio yake yanasikia tatu katika jina la siku ambayo mashine inaiita 1, na mosi katika jina la siku ambayo mashine inaiita 6.

Hatusemi kwamba watu wa maabara ya Bell walijua Kingwana. Tunasema kwamba juma lililohesabiwa kutoka mahali pa kazi, liwe la kambi ya madini au la ofisi za Marekani, huanza siku ambayo watu wanarudi kazini, na juma lililohesabiwa kutoka msikitini huanza baada ya sala.

Kuna jambo jingine katika jedwali hili linalowanasa wengi, nalo lina mfano wake kambini. Nafasi ya tatu na ya tano zikijazwa zote mbili, kroni haidai masharti yote mawili yatimie. Inatosheka na lolote kati yao. Mtu anayeandika

0 6 1 * 6

akidhani ameagiza Jumamosi iangukiayo tarehe 1 tu, atashangaa kazi ikifanyika kila tarehe 1 na tena kila Jumamosi. Ndivyo kalenda za kambini zilivyokwenda pia. Posho ilifuata juma, mshahara ulifuata mwezi, na karani alilazimika kuzitunza hesabu mbili ambazo hazikungojeana.

Juu ya ufundi tutasema machache. Kroni ya kwanza ilitumikia jedwali moja la mashine nzima. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, walipotaka kila mtumiaji wa kompyuta yao kubwa awe na jedwali lake, waliona kwamba kuyapekua majedwali yote kila dakika kunaila mashine nguvu. Robert Brown akatumia njia nyingine: kazi zote zikapangwa kwa foleni kufuatana na wakati wake, na programu ikalala hadi wakati wa ile iliyo mbele. Ni tofauti kati ya kapita anayegonga mlango wa kila nyumba kuuliza kama zamu imefika, na kapita anayejua nani anafuata.

Saa ya nani?

Kabla ya kufikia kisa chetu hatuna budi kugusia nafasi ya pili, ya saa. Kiswahili cha pwani huhesabu saa kutoka macheo, na 6 ya mashine ni saa kumi na mbili. Mwanafunzi wa Tanzania hujifunza kuongeza au kupunguza sita tangu utotoni, na mara chache hukosea. Katika miji ya Katanga saa hutajwa sana kwa namba za Kifaransa, na namba hizo ndizo za mashine, kwa hiyo tatizo hilo halipo. Tuna tatizo letu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina majira mawili: Kolwezi na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Jedwali lililoandikwa na mtu wa Kinshasa kwa saa yake, likapelekwa katika mashine ya Kolwezi bila kusahihishwa, hutekelezwa wakati ambapo mwandishi wake bado ana saa nzima ya kungoja. Hata umeme wenyewe unavuka mpaka huo: njia ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina urefu wa kilomita zipatazo 1,700 na inaanzia katika nchi ya saa ya magharibi. Ajabu zaidi ni seva zilizoko Ulaya, ambako saa husogezwa mbele mwezi Machi na kurudishwa nyuma mwezi Oktoba. Usiku mmoja wa Machi saa nane na nusu za usiku haipo kabisa. Usiku mmoja wa Oktoba inakuja mara mbili. Mtu wa Kolwezi, ambaye saa yake haijasogezwa na yeyote, atatafuta kosa hilo kwa muda mrefu.

Kosa la Jumamosi

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alishiriki katika kukusanya masimulizi ya wafanyakazi wastaafu wa migodi ya Kolwezi. Ofisi iliyotuhifadhi hatutaitaja. Tulikuwa na kompyuta moja, na umeme haukuwa wa kutegemewa. Lakini kila Jumamosi jioni jenereta iliwashwa kwa ajili ya shughuli nyingine za jengo, na kwa saa chache tulikuwa na hakika ya umeme. Niliamua basi kwamba nakala za akiba za sauti zote zitengenezwe kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni, katika diski ya pili. Niliandika mstari huu:

0 18 * * 1

Nilikuwa nimesoma mwongozo nusu. Nilijua siku zinaandikwa kwa nambari, na sikuuliza nambari hizo zinaanzia wapi. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi asubuhi ile ile asili ya majina ya siku, kwamba mosi ni moja na kwamba Jumamosi ndiyo siku ya kwanza baada ya Ijumaa. Mkono uliandika kile ambacho kichwa kilikuwa kimefundisha.

Kroni ilinitii. Kila Jumatatu saa kumi na mbili jioni ingetengeneza nakala, kama mashine ingekuwa imewashwa. Kila Jumatatu saa kumi na mbili jioni mashine ilikuwa imezimwa na ofisi imefungwa. Kila Jumamosi jenereta ilinguruma, mashine ikawashwa, kroni ikaamka kila dakika, ikasoma mstari wangu, ikaona leo ni 6, ikalala. Kazi inapofanyika na kutoa ujumbe au kosa, kroni humpelekea mwenye jedwali barua. Kazi isiyofikiwa na wakati wake haina barua. Ukimya wake haukutofautiana na ukimya wa kazi iliyofanyika vizuri.

Diski kubwa ilipoharibika tulifungua ile ya pili kwa utulivu wote. Ilikuwa na nakala niliyoitengeneza kwa mkono siku ya kwanza, na hakuna zaidi. Masimulizi tuliyoyapata tena ni yale ambayo wenzetu walikuwa wameyabeba katika vifaa vyao kwa bahati. Mengine yalipotea. Kati ya waliokuwa wameyasimulia, tuliweza kuwarudia baadhi. Mzee mmoja, aliyetueleza kwa mchana mzima namna zamu ya usiku ilivyoendeshwa Luilu, alikuwa amekwisha kufariki, na hakuna mahali pengine sauti yake ilipohifadhiwa.

Nilipomweleza mwenzake, naye mstaafu, sababu ya kumwomba arudie maneno yake, alitaka kujua kosa lilikuwa nini hasa. Nilimwambia mashine inahesabu siku kwa nambari. Akahesabu kwa vidole, kazi moja, kazi mbili, hadi mkono wa kwanza ukaisha, akagusa kidole gumba cha mkono wa pili na kusema: posho, sita. Hakuwahi kugusa kompyuta. Katika siku zile nilikuwa nikiandika maelezo ya lahaja yake, na majina hayo saba yalikuwa katika daftari langu, katika safu ya "tofauti na sanifu".

Kipande, au zamu iliyokosekana

Kisa hiki kina makosa mawili, na la pili si la lugha. Hata kama ningeandika 6, ingetosha jenereta ikose mafuta Jumamosi moja ili zamu ya wiki nzima ipotee, kwa sababu kroni haina kumbukumbu. Inajua dakika hii tu. Wakati ukipita mashine ikiwa imezimwa, kwa kroni kazi ile haikukosekana, haikuwapo.

Historia ya kazi katika Afrika ya Mashariki inatupa mfumo wa aina nyingine. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu alifanya kazi ilitiwa alama. Siku ambayo hakuja haikutiwa. Na mshahara ulingoja hadi alama zote 30 zitimie, hata kama mwezi wa kalenda ulikuwa umekwisha zamani. Katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, jirani zetu, tikiti ya zamu 30 ilifuata kanuni hiyo hiyo. Kipande kilichukiwa, na kwa haki. Katika Kenya neno hilo lilipewa hati ya utambulisho ambayo Mwafrika alilazimika kuivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, na chuki hiyo ikaingia katika siasa. Lakini kama njia ya kuhesabu, kadi ya mkonge ilikuwa na sifa ambayo siku ya posho haina: ilihesabu yaliyofanyika, haikuhesabu yaliyopita. Siku iliyokosekana ilibaki wazi ikidai kujazwa.

Wanakompyuta walihitaji kitu kama hicho, wakatunga anakroni, programu iliyoandikwa kwanza na Christian Schwarz na kuandikwa upya na Itai Tzur. Anakroni haijali dakika wala saa. Inaandika katika faili tarehe ambayo kila kazi ilifanyika mara ya mwisho, na kila mashine inapowashwa inapima: je, siku saba zimepita? Kama zimepita, kazi inafanywa sasa. Ilitungwa kwa ajili ya mashine zisizowashwa mchana na usiku, na hiyo ndiyo hali ya kompyuta nyingi za ofisi na vyuo vyetu. Tunaona ajabu kwamba mafunzo mengi tuliyoyaona yanaanza na kroni na hayafiki kwenye anakroni, kana kwamba mwanafunzi ataishi katika jengo ambalo umeme haukatiki.

Kambi nazo zilijua zamu zilizokosekana. Mali ya Union Minière ilitwaliwa na taifa mwaka 1967, na shirika lililoirithi likaja kuitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa bado likitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka mwezi Septemba 1990. Mwaka 1994 uzalishaji wote wa shirika haukufika tani 40,000. Miaka iliyofuata watu waliendelea kwenda kazini kwa zamu zao huku miezi ya mshahara ikipita bila kulipwa, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wastaafu tuliowarekodi hawakuzungumzia miezi hiyo kama iliyopita. Waliitaja mmoja mmoja kwa jina na mwaka, kama alama ambazo hazijatiwa katika kadi.

Jumamosi bado inaitwa posho na watu ambao hawajagawiwa unga kwa miaka zaidi ya ishirini, na migodi mipya iliyofunguliwa kuzunguka Kolwezi ina zamu zake zinazopangwa na kompyuta. Sisi tulibadilisha mstari wetu. Tulimkabidhi anakroni kazi ya nakala, kila siku saba, na tukaacha pia mstari mmoja wa kroni kwa ajili ya Jumamosi yenye jenereta:

0 18 * * 6

Mstari unaoanza kwa alama ya # hausomwi na kroni. Ni wa kusomwa na watu. Juu ya huo wetu, baada ya alama hiyo, mwanafunzi aliyepokea kazi hii kutoka kwangu ameandika "siku ya posho". Nilimwomba aongeze chini yake jina sanifu pia, kwa ajili ya watakaotoka pwani, naye akaliongeza katika mabano.